Ajali Ina Kinga

Mhadhara uliotolewa Masako, nje kidogo ya mji wa Kisangani, mbele ya wazee wa kijiji, walimu, wanafunzi na wafanyabiashara. Umechapwa kama ulivyosemwa, kwa masahihisho machache.

Mheshimiwa chifu, wazee wetu wa Masako, baba zetu na mama zetu, walimu wenzangu, ndugu watafiti wa chuo kikuu ambao msitu huu umewalea tangu mlipokuwa wanafunzi, na ninyi vijana wa toleka mlioegemeza baiskeli pale ukutani: nashukuru kwa kiti, kwa maji ya kunywa na kwa subira yenu, maana nimechelewa. Kutoka mjini hadi hapa, kwa barabara ya zamani ya Buta, ni kilomita 14 hivi. Mvua ya jana imezirefusha.

Mzee aliyenipokea ameniuliza swali kabla sijakaa. Amesema: "Mwalimu, umekuja kutusemea habari za ndege. Wengi wetu hatujawahi kupanda. Sisi zinatupita juu tu." Nimemwambia, mzee wangu, hebu tuhesabu. Mto kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700, na boti huchukua wiki kadhaa. Mama anayekausha viwavi akitaka viuzwe Kinshasa vikiwa bado vizuri, anavitia kwenye ndege. Dawa ya haraka huja kwa ndege. Mwana akifiwa mbali, anakuja matangani kwa ndege. Asiyepanda yeye, kimepanda chakula chake, au ndugu yake. Na ndege inapoanguka, haiulizi aliye chini kama alikata tiketi.

Kusudi langu leo ni moja: nataka kugombana na methali. Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa mfiwa hayo ni maneno ya faraja, na siku ya matanga siwezi kuyapinga. Lakini nimeyasikia pia ofisini, yakitoka kinywani mwa mtu mwenye cheo na muhuri, siku chache baada ya ajali. Hapo si faraja tena. Ni mlango wa nyuma wa kutorokea. Ninachosema ni kwamba ajali ya ndege ina kinga, na wenye kazi yao wameipa jina: mfumo wa usimamizi wa usalama. Jina ni refu, maana yake ni fupi. Ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba habari mbaya inamfikia mwenye uwezo wa kuamua kabla ndege haijaruka. Ninazo hoja 5.

1. Ajali haiji peke yake

Turudi mwaka 2011. Tarehe 4 Aprili, ndege ya Umoja wa Mataifa aina ya CRJ iliondoka hapa kwetu, uwanja wa Bangoka, kwenda Kinshasa. Ilikuta dhoruba juu ya uwanja wa N'Djili. Marubani walijaribu kuinuka tena badala ya kutua, wakashindwa. Walikuwamo watu 33; akapona mmoja. Miezi 3 baadaye, tarehe 8 Julai, Boeing 727 ya shirika la Hewa Bora ilitoka Kinshasa kuja Bangoka. Nayo ilikuta mvua na hali mbaya ya hewa, ikaikosa njia ya kutulia, ikaanguka karibu na uwanja. Walikufa watu zaidi ya 70. Wapo kati yenu waliokwenda kutafuta jamaa zao siku ile, na kwao natamka tarehe hiyo kwa heshima.

Mtu wa haraka atasema: mvua iliwaua. Lakini mvua tunaijua. Tunaishi jirani na ikweta. Wingu jeusi la alasiri si mgeni. Wataalamu wanajua pia namna wingu lile linavyoua. Upepo mzito hushuka kwa kishindo kutoka tumboni mwake, na ukifika ardhini hutawanyika pande zote. Ndege ikiingia hapo, kwanza hupigwa na upepo wa mbele unaoiinua, na punde si punde upepo unageuka kuwa wa nyuma, mbawa zinakosa nguvu, na ardhi iko karibu. Uchunguzi wa ajali ile ya Aprili ulitaja upepo wa aina hiyo. Sasa, kitu kinachojulikana hivi, kwa nini kimkute rubani kama mwizi wa usiku? Hapo maswali yanatoka mawinguni yanashuka chini. Je, uwanja una chombo cha kuonya juu ya upepo huo? Aliye mnarani ana taarifa mpya au ya saa mbili zilizopita? Ndege ina rada ya hali ya hewa, na inafanya kazi? Kampuni imempa rubani mafuta ya kutosha kuzunguka, kungoja au kwenda uwanja mwingine? Na akirudi bila kutua, mkuu wake atampongeza au atamgombeza kwa kumpotezea fedha?

Mwanasaikolojia Mwingereza, James Reason, aliyaeleza haya kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu: matundu yakipangana katika mstari mmoja, hatari inapita vipande vyote. Sisi huku jibini hatulijui sana, kwa hiyo nitawachukulia mfano kwa wavuvi wetu Wagenya. Mmewaona pale maporomokoni, wamesimika miti kwenye miamba, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakaning'iniza migono mikubwa katikati ya maji makali. Samaki akiukwepa mgono wa kwanza, upo wa pili. Akitoboa wa pili, upo wa tatu. Basi hatari ndiyo samaki wetu. Mgono mmoja ni fundi, mwingine ni rubani, mwingine mnara, mwingine karani wa mizigo, mwingine serikali. Kila mgono una tundu lake, maana umesukwa na binadamu. Ajali ni siku ile samaki alipopata tundu katika migono yote. Kumfunga rubani peke yake ni kuchana mgono wa mwisho na kuiacha mingine vilevile.

2. Hatari ihesabiwe kabla haijaua

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava juu ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Njia ikawa fupi. Kila rubani aliiona, kila abiria aliiona, hata mtoto anayeuza karanga uwanjani aliiona. Tarehe 15 Aprili 2008, miaka 6 baadaye, lava ingali pale, ndege ya DC-9 iliyokuwa inakuja huku Kisangani kabla ya kuendelea Kinshasa ilishindwa kuruka. Ikapita mwisho wa njia, ikaingia mtaa wa Birere. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa madukani mwao.

Na kabla ya hapo, tarehe 8 Januari 1996, Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ikiwa imebeba kupita kiasi ilishindwa kuinuka kutoka uwanja wa Ndolo, ikaingia soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, mama wa sokoni na watoto wao.

Tazameni kinachofanana. Njia inaishia penye watu, ndege ina uzito usiolingana na njia, wote wanajua, hakuna aliyeandika. Katika mfumo ninaousema, jambo kama hilo halibaki mdomoni. Linaandikwa daftarini, kisha linaulizwa maswali mawili: laweza kutokea mara ngapi, na likitokea litaharibu kiasi gani? Majibu hayo mawili yakikutanishwa, yanakupa uzito wa hatari. Jiwe dogo kwenye maegesho hutokea mara nyingi na huharibu kidogo, lifagiwe kesho. Ndege iliyojaa kwenye njia iliyokatwa, mbele yake soko, haitatokea kila wiki, lakini ikitokea ni makaburi. Hiyo haingoji kesho. Ama unapunguza mzigo, ama unaleta ndege ndogo, ama unaondoa lava, ama unafunga njia. La tano halipo, isipokuwa kusali, na Mungu ametupa mizani ili tuitumie.

Naona kijana wa toleka anacheka. Cheka, ndugu yangu, lakini nijibu: wewe ukipakia magunia mawili na mama juu yake, halafu breki yako ni soli ya kiatu, kwenye mteremko wa mtoni hujafanya hesabu hiyohiyo kichwani? Umeifanya. Tofauti ni kwamba wewe ndiye utakayeanguka, kwa hiyo unahesabu kwa uaminifu. Aliye ofisini hataanguka, na ndiyo maana inabidi aandikiwe utaratibu.

3. Aliyeona aseme, na aliyesema asiadhibiwe

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu, na ruhusuni nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa mizigo katika kampuni moja ndogo. Jina lake tuliache lipumzike. Mizani yetu iliharibika, tukaomba nyingine, haikuja. Tukawa tunapima kwa mikono. Gunia la mchele likiinuliwa na mtu mmoja, tunaandika kilo 50. Alasiri moja yalikuja magunia yaliyonyeshewa. Niliyaona yamelowa. Niliandika kilo 50 kama kawaida, nikatia saini. Ndege ile ilikimbia mpaka nikadhani itamaliza njia. Ikainuka kwenye majani ya mwisho. Rubani aliporudi kesho yake alinitazama, nami nikamtazama. Hatukusemeshana. Hakuna kilichotokea.

Maneno hayo, "hakuna kilichotokea", ndiyo maneno ya hatari kuliko yote katika kazi ya ndege. Kilichotokea ni ajali nzima, imekamilika, imekosa kifo tu. Ilikuwa somo la bure, na tukalitupa. Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu ningefukuzwa. Na rubani? Kwa sababu wapo marubani 3 waliokuwa wanangojea kiti chake.

Wamarekani walijifunza hili kwa machozi. Tarehe 1 Desemba 1974 Boeing 727 ya shirika la TWA, ikielekea uwanja wa Dulles karibu na Washington, iligonga mlima. Watu wote 92 walikufa. Wachunguzi wakakuta kwamba wiki chache tu kabla, marubani wa shirika jingine walikuwa karibu kunaswa na mtego uleule, mahali palepale. Walisema. Kampuni yao ikawaonya marubani wake. Lakini habari haikuvuka ukuta kwenda kwa majirani. Kwa sababu hiyo, mwaka 1976 ulianzishwa utaratibu wa mtu yeyote wa kazi ya ndege kuandika alichokiona au alichokikosea, na barua hizo zikapelekwa NASA, watu wa vyombo vya anga za juu, badala ya ofisi inayotoa leseni na adhabu. Mnaona hekima yake? Asiyeshika fimbo ndiye anayeambiwa siri.

Huku kwetu Afrika tuna mfano mchungu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kamerun, wakati wa dhoruba, ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko muda mfupi baada ya kuruka. Watu 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi ilizungumzia, pamoja na mengine, uhusiano wa wale wawili waliokaa mbele: nahodha mwenye haiba ya kutawala, na msaidizi aliyekuwa mpole kwake. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na ni malezi mema. Lakini heshima ya kumwacha mkubwa atumbukie shimoni si heshima. Mtoto akimwona nyoka chini ya kiti cha babu, hasubiri babu amalize kuzungumza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kosa lisamehewe. Aliyekunywa pombe akashika usukani, aliyeuza vipuri vya ndege sokoni, aliyeghushi cheti, huyo ana mahakama yake. Lakini aliyepitiwa, aliyechoka, aliyekosa chombo, akaja mwenyewe akasema "nimekosea", huyo akipigwa, umemfundisha yeye na wenzake 100 kuficha. Na mficha maradhi, kilio humuumbua; katika ndege, kilio hicho ni cha wengine.

4. Mwenye fedha awe mwenye dhamana

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ndio msingi wa sheria za anga za dunia, na una viambatisho vyake. Kiambatisho cha 19, ambacho ni cha usimamizi wa usalama, kilipitishwa Februari 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Novemba mwaka huohuo. Kilikuwa kiambatisho kipya cha kwanza baada ya zaidi ya miaka 30. Kinadai kampuni za ndege, wanaozitengeneza na kuzikarabati, shule za marubani, waongoza ndege na viwanja vya kimataifa wawe na mfumo wenye nguzo 4: sera, udhibiti wa hatari, uhakiki na elimu.

Katika nguzo ya kwanza kuna kifungu ambacho wakubwa hukipita haraka. Kinataka atajwe mtu mmoja, mkuu mwenye dhamana, ambaye usalama wa kampuni nzima uko shingoni mwake. Mtu huyo hawezi kuwa kijana aliyeajiriwa juzi akapewa meza karibu na choo na kibao cha "Afisa Usalama". Lazima awe yule mwenye uwezo wa kusema "nunueni mizani" na mizani ikanunuliwa. Afisa wa usalama anapita mlango wa mkuu huyo bila kungoja ruhusa ya mkuu wa biashara.

Ndugu zangu, mngekuwa mmeniuliza kwa nini mizani yangu haikuja, ningewajibu hivi: barua yetu ilikaa kwa mtu asiye na hela, na mwenye hela hakuwahi kuiona. Habari mbaya ilikuwapo. Ilikosa ngazi ya kupandia.

5. Karatasi isiwe pazia

Mnaweza kuniambia: mwalimu, Kongo ina sheria. Ni kweli. Sheria ya usafiri wa anga ilitiwa saini tarehe 31 Desemba 2010, na tunayo mamlaka ya kuisimamia. Mwaka uliofuata ndio ule wa ajali za Aprili na Julai. Sheria iliyoandikwa bado haijawa mgono majini.

Kuanzia Machi 2006 Umoja wa Ulaya umekuwa na orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake, na mashirika ya nchi yetu yamejaa humo. Wapo wanaosema ni chuki ya wazungu. Sitaingia ugomvi huo. Nasema tu kwamba orodha ile hailengi ndege moja moja pekee. Inauliza pia kama serikali inayotoa cheti hukagua kwa dhati kile inachokisainia. Hilo ni swali ambalo tungepaswa kujiuliza wenyewe kabla ya jirani kutuuliza, kwa sababu sisi ndio tunaopanda.

Nguzo ya uhakiki inajibu hapo. Umesema breki zinakaguliwa: nionyeshe aliyekagua, siku gani, alikuta nini. Umesema umepunguza hatari: hesabu za mwaka huu zinasemaje zikilinganishwa na za mwaka jana? Kampuni isiyo na taarifa hata moja ya kosa kwa mwaka mzima si kampuni salama. Ni kampuni yenye watu waoga. Mgenya hasemi "kamba hii niliifunga mwaka jana". Maji yanakula kamba kila siku, naye anaigusa kwa mkono wake kila siku kabla hajaweka uzito wa mwili juu ya mti. Usalama hauwekwi akiba. Hulimwa kila msimu.

Kuelekea mbele

Nimalize. Nguzo ya nne ni elimu, na ndiyo iliyonileta Masako badala ya kubaki mjini. Mfumo huu haujengwi na marubani peke yao. Abiria anayempa karani kitu kidogo ili gunia lisipimwe amekata kamba ya mgono. Mama anayekubali mzigo wake ubaki ili uende kesho ameifunga.

Naomba mambo matatu kwa miaka inayokuja. Ninyi wa chuo kikuu, mlioweza kuhesabu panya na miti ya msitu huu kwa miaka mingi na daftari zenu zikatunzwa, tusaidieni kuhesabu dhoruba: saa zinapokuja, upande zinaotokea, ili aliye mnarani na aliye angani wawe na kumbukumbu ya mahali hapa. Ninyi walimu, fundisheni watoto kwamba kusema "nimekosea" mapema ni ushujaa. Na ninyi wazee, msingoje ndege. Mnayo mitumbwi inayovuka mto Tshopo ikiwa imejaa, mnazo baiskeli na pikipiki kwenye barabara hii. Hatari ni ileile, na dawa ni ileile.

Kwa hiyo nimekuja na zawadi. Ni daftari hili la kurasa 96, la dukani, halina ajabu. Naomba likae mahali ambapo kila mtu analifikia na hakuna anayelifungia. Mtu akikaribia kuzama akapona, akikaribia kugonga mtoto akamkwepa, aandike: wapi, saa ngapi, kwa nini. Jina si lazima. Kila mwezi chifu na wazee walisome kwa sauti, wachague jambo moja la kurekebisha, na mwezi unaofuata waseme kama limerekebishwa. Mkifanya hivyo mwaka mmoja, mtakuwa na mfumo wa usimamizi wa usalama ambao kampuni fulani zenye ndege hazinao.

Najua ukurasa wa kwanza ndio mgumu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kujianika. Nimewaondolea taabu hiyo. Nimeshauandika usiku wa jana: mizani iliyoharibika, magunia yaliyolowa, kilo 50, na saini yangu chini. Imenichukua miaka mingi kuifikisha taarifa hiyo, na nimeifikisha Masako.

Sasa niulizeni, na mzee wangu uliyenipokea, wewe ndiye wa kwanza.